Uzito wa Mlango: Vifaa vya Fundi wa Milango ya Gereji na Historia Yake

Neno gereji linatutenganisha na bibi zetu. Ukimpigia simu bibi aliyeko Mombasa au Morogoro na kumwambia kwamba mjomba anatengeneza milango ya gereji, ataona uwanja wenye magari mabovu, vijana waliolowa oili na geti la bati. Kwa Kiswahili cha kule gereji ni mahali gari linapotengenezwa. Hapa Toronto ni chumba cha nyumba ambamo gari hulala, na mara nyingi gari lenyewe halilali humo kwa sababu kimejaa baiskeli, sepetu za theluji na mabegi ya safari ya nyumbani. Makala hii inahusu mlango wa chumba hicho, na hasa vifaa ambavyo fundi anapaswa kuwa navyo kabla hajajiita mkandarasi.

Tumechagua mada hii kwa sababu ya pesa. Katika jamaa zetu wapo vijana waliokaa miaka miwili mitatu wakiwa wasaidizi katika kampuni za milango, na sasa wanataka kujitegemea. Mtaji wao ni wa upatu: kina mama kumi na wawili huchanga kila mwezi na mmoja hupokea. Zamu yako ikishapita, inabidi usubiri mwaka mzima, kwa hiyo swali la kununua nini kwanza si la mzaha. Kila unayemwuliza ana orodha yake, na orodha hizo hutaja vitu vyote kwa uzito mmoja: ngazi, drili, spana, vani, kadi za biashara. Sisi ni wanafunzi wa historia, hatujawahi kufunga mlango hata mmoja. Tulichoweza kufanya ni kuuliza kila kifaa kiliingia lini katika sanduku la fundi, na kilimpunguzia nani mzigo. Tukagundua kwamba historia ya ufundi huu ni historia ya uzito. Kila mara uzito wa mlango ulipohamishiwa mahali papya, sanduku lilibadilika, na mtu aliyeweza kuanza kazi alibadilika pia.

Tuanze na milango ambayo kila msomaji wa gazeti hili ameiona, walau kwenye kalenda: ile ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja. Si milango ya karne moja. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa, akiieleza Kilwa, alikwisha kutaja milango ya mbao iliyochongwa na kuungwa kwa ustadi. Mingi iliyobaki leo ni ya karne ya 19, wakati wa masultani wa Unguja, na baadhi ilichongwa kwa msaji uliotoka India. Watu huangalia nakshi. Sisi tuliangalia jinsi mlango unavyosimama. Una mabawa mawili yanayokutana kwenye mfaa, na kila bawa lina ncha juu na ncha chini. Ncha hizo huzunguka ndani ya matundu, ya juu kwenye fremu na ya chini kwenye kizingiti. Uzito wote wa bawa, nao si haba, umekaa juu ya ncha ya chini, na hakuna kitu kinachouinua. Seremala alihitaji watu wa kumsaidia kuusimamisha siku moja, kisha mlango ukajibeba wenyewe miaka mia.

Ndiyo maana sanduku lake lilikuwa dogo: msumeno, tezo, randa, patasi, juba, nyundo, keekee, timazi, na majani ya msasa ya kulainishia. Kwa mwanafunzi wa lugha, sanduku hilo ni ramani ya Bahari ya Hindi. Bawaba ni Kiarabu, randa ni Kiajemi, parafujo ni parafuso ya Wareno. Spana, bolti na nati zilikuja baadaye na Waingereza. Msasa ulikuwa mti wenye majani ya kukwaruza kabla haujawa karatasi ya dukani. Ukitaka kuanza ufundi huo ulihitaji zana chache na miaka mingi chini ya fundi mkuu. Kilichokuwa ghali ni muda, na muda huo ulikopeshwa na mwalimu.

Toronto nayo ilianza na mlango wa namna hiyo, bila nakshi. Nyuma ya nyumba za zamani za katikati ya jiji kuna vichochoro, leo vinahesabiwa kuwa zaidi ya 2,400, na vingi vilipimwa wakati ambapo nyuma ya nyumba palikaa farasi, mkokoteni na makaa ya mawe. Zizi lilikuwa na mabawa mawili ya mbao yaliyofunguka kwa nje, juu ya bawaba za chuma. Magari yalipoenea baada ya Ford kuleta Model T mwaka 1908, farasi alitolewa, gari likaingizwa, na mlango ukabaki uleule. Seremala yeyote aliweza kuurekebisha.

Shida ilikuwa theluji. Mlango unaofunguka kwa nje husukuma kila kilicholala mbele yake, na asubuhi ya Januari kilicholala mbele yake ni nusu mita ya theluji iliyoganda. Bawa la mbao lililolowa na kukauka mara hamsini hulegea kwenye bawaba na kuanza kuburuza chini. Kichochoro nacho ni chembamba: ukifungua mabawa yote mawili umemzibia jirani njia. Mlango uliofaa Unguja, ambako kitu kibaya zaidi kinachoweza kulala kizingitini ni paka, haukufaa huku.

Mwaka 1921 Mmarekani C. G. Johnson alibuni mlango wa vipande vilivyoungwa kwa bawaba, wenye vigurudumu pembeni vinavyopita ndani ya reli. Mlango huo hupanda juu, hujikunja kwenye kona na kulala chini ya dari. Kampuni aliyoianzisha husimulia kwamba aliufunga mfano mdogo wa mlango nyuma ya Model T yake na kuzunguka nao mji hadi mji akitafuta mawakala. Hata kama hadithi hiyo imenakshiwa kidogo, inaeleza jambo la kweli: kitu hiki hakikuuzwa kwa maneno. Ilibidi mtu aone mlango unapanda kwa mkono mmoja.

Unapandaje? Mlango wa chuma wa gereji ya magari mawili, wenye upana wa futi 16 na urefu wa futi 7, unaweza kuzidi kilo 70. Hakuna mama anayeuinua huo kila asubuhi akiwa na mtoto mkononi. Kinachouinua ni springi. Juu ya mlango kuna mhimili wa chuma, na juu ya mhimili huo springi moja au mbili zimesokotwa mpaka nguvu yake ikalingana na uzito wa mlango. Mlango unaposhuka, nyaya za chuma huzungusha mhimili na springi hujisokota zaidi. Unapopanda, springi inairudisha nguvu iliyoikopa. Ukiwa umepimwa sawasawa, mlango huo hukaa popote unapouacha, hata katikati, kama mizani.

Kwa maneno mengine, uzito uliokuwa juu ya kizingiti kwa karne nyingi ulihamia juu ya kichwa cha fundi, ukafungiwa ndani ya waya. Hapo ndipo useremala ulipokwisha na ufundi mwingine ulipoanza.

Kifaa cha ufundi huo mpya ni cha kushangaza kwa udogo wake. Ni fito mbili za chuma kigumu, nyingi za urefu wa inchi 18 na unene wa nusu inchi. Mwisho wa springi kuna kichwa chenye matundu manne. Fundi huingiza fito moja, husukuma robo ya mzunguko, huingiza ya pili kwenye tundu linalofuata, huchomoa ya kwanza, na kuendelea. Mlango wa futi 7 huhitaji mizunguko saba hivi au saba na nusu, yaani robo karibu thelathini, na katika kila robo springi iko tayari kuichukua fito na kuirusha. Kabla ya hapo ameufunga mhimili kwa koleo linalojifunga ili usizunguke, na amebana reli kwa klampu ili mlango usiruke. Bei ya fito zote mbili haizidi chakula cha mchana cha familia moja hotelini. Ni kifaa rahisi kuliko vyote katika biashara hii, na ndicho tunachodhani kinapaswa kuandikwa mwanzo wa orodha kwa wino mwekundu. Badala yake watu hutumia bisibisi. Bisibisi ni nyembamba kuliko tundu, inacheza, inateleza, na inapoteleza mkono uko palepale.

Mzee mmoja wa Scarborough, aliyekuwa fundi chuma Nairobi kabla ya kuja huku na ambaye tulimwahidi kutomtaja jina, alitukatiza hapo. "Wanangu," alisema, "kwetu ukikosa spana unaichonga. Hapa ukikosa fito, rudi nyumbani ukalale."

Maneno yake yanagusa jambo zito zaidi kuliko usalama, kwa sababu kuchonga spana ni sehemu ya historia yetu tunayojivunia. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India ya Waingereza. Wengi walirudi, maelfu kadhaa wakabaki, na miongoni mwa waliobaki na waliowafuata walikuwamo wahunzi, maseremala na mafundi mitambo. Karakana za Wahindi zikawa shule zisizo na vyeti. Kijana Mwafrika aliingia akiwa mfagiaji, akashika nyundo wakati bosi yuko kwenye chai, akatoka akiwa anajua kazi lakini hana mashine. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mafundi wa Kenya, alieleza jinsi vijana hao walivyojitengenezea mashine za mkono za kukatia na kukunjia chuma kutoka kwenye vyuma chakavu, wakiiga zile walizoziona karakanani. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuwa umekwisha kuiambia dunia kwamba watu hao si wazururaji bali ni uchumi. Mwaka 1985 Rais Moi alikwenda kuwatembelea Kamukunji, na jina jua kali likaanza kuingia kwenye nyaraka za serikali.

Katika ufundi huo, kukosa kifaa hakukumzuia mtu. Mageti na milango ya chuma ya nusu ya Nairobi ilitengenezwa na watu walioanza bila chochote. Lakini geti la Nairobi, hata liwe zito namna gani, linasimama kwenye bawaba zake au linateleza juu ya reli iliyolala chini. Uzito wake uko ardhini, kama wa mlango wa Lamu, na ukikosea geti linapinda au linalalia ubavu. Nguvu iliyosokotwa ndani ya waya haipo. Kwa hiyo fundi hodari wa Kamukunji anaposhuka uwanja wa ndege wa Pearson anakuwa na karibu kila ujuzi unaohitajika, kupima, kukata, kuchomelea, kuona kwa jicho kwamba kitu hakiko sawa, isipokuwa mmoja. Na huo mmoja mazoea yake mazuri ndiyo yanayomdanganya, kwa sababu yamemfundisha kwamba kipande chochote cha nondo kitafaa.

Watu wa ujuzi wa namna hiyo walifika huku kwa njia mbalimbali. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Kanada ilipokea maelfu kati yao. Ndege ya kwanza ilitua Montreal mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo. Waliokuwa na karakana waliziacha na kila kilichokuwamo, maana hakuna anayebeba mashine ya kukerezea chuma kwenye begi. Baadaye walikuja Wasomali, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, wengine kwa ukimbizi, wengine kwa masomo. Wengi walikutana na sharti la "uzoefu wa Kanada", ambalo Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilikuja kulitangaza mwaka 2013 kuwa ni ubaguzi kwa sura yake, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba kazi yenyewe inalihitaji. Fundi umeme au fundi bomba hapa lazima awe na cheti cha fani yake au awe mwanagenzi aliyesajiliwa. Fundi wa milango ya gereji halazimiki. Tunaamini hiyo ni sababu kubwa ya jamaa zetu wengi kuishia kwenye milango: mlango huu ulikuwa wazi.

Haukuwa wazi kabisa. Tangu Januari 2013 wengi wanaofanya kazi za ujenzi Ontario kwa kujitegemea wanalazimika kuwa na bima ya WSIB, isipokuwa wale wanaokarabati nyumba tu kwa mkataba wa moja kwa moja na mwenye nyumba. Tangu 2015 mfanyakazi wa ujenzi anayetumia mikanda ya kuzuia kuanguka lazima awe na mafunzo maalumu. Karatasi hizi hazionekani kwenye picha za sanduku la fundi, ila nazo ni vifaa, na hugharimu.

Kizuizi kikubwa zaidi, hata hivyo, ni vani na kilichomo ndani yake. Hapa inatubidi turudi nyuma kidogo, hadi mwaka 1953, ilipoanza kujengwa Don Mills, mtaa uliopangwa kwa ajili ya watu wenye magari. Gari halikufichwa tena kichochoroni. Katika vitongoji vya namna hiyo lilihamia pembeni na mbele ya nyumba, na miaka iliyofuata mlango wa gereji ukawa ndio uso wa nyumba nyingi za Scarborough, North York na Mississauga. Watu wakaanza kuingia ndani kupitia gerejini. Springi ya kawaida hutengenezwa ihimili kufunguliwa na kufungwa mara 10,000 hivi. Familia inayoufungua mlango mara nne kwa siku humaliza hesabu hiyo kwa karibu miaka saba. Asubuhi ya kwanza yenye baridi kali, zile zilizokuwa zimechoka hukatika, kwa mlio ambao mwenye nyumba huudhania bunduki, na gari liko ndani, na kazi inaanza saa mbili.

Mwenye nyumba huyo haangalii nani ana drili nzuri. Anamtaka atakayemaliza kwa safari moja. Na springi hazifanani. Zinatofautiana kwa unene wa waya, kwa upana wa ndani, kwa urefu, na kwa upande wa kusokotwa, kulia au kushoto. Fundi hupima unene kwa kuhesabu: mizunguko ishirini ya waya ikichukua inchi 5 kamili, waya una robo inchi. Ikizidi kidogo tu, ni springi nyingine, ya mlango mwingine. Kampuni kubwa huwa na aina nyingi ndani ya gari. Anayeanza hana, kwa hiyo hupima, huendesha hadi kwa muuzaji wa jumla, hununua, hurudi. Na wakati huo mwenye nyumba ameshapiga simu nyingine. Tulipomwuliza mzee wetu kilichomchelewesha kujitegemea, hakutaja zana hata moja. Alisema zana zote zilienea kwenye buti la gari dogo. Kilichomchelewesha miaka minne ni rafu ya springi.

Mota ya umeme haibadilishi hesabu hii sana, ingawa wateja huiona kuwa ndiyo mlango wenyewe. Kampuni ya Johnson iliitoa mwaka 1926, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mota haibebi mlango. Springi ndiyo inayobeba, mota husukuma tu, na fundi anayefunga mota yenye nguvu zaidi ili kuficha springi iliyochoka anamwibia mteja. Kilicholeta vifaa vipya kwa kweli ni sheria ya Marekani, baada ya watoto kufa chini ya milango: mota za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1993 zilitakiwa ziwe na kinga ya kuzuia mtu kubanwa. Ndipo yalipoenea yale macho mawili ya umeme karibu na sakafu, ambayo kitu kikipita kati yake mlango hurudi juu. Kwa fundi hiyo ilimaanisha kipima umeme, nyaya nyembamba, na uvumilivu wa kusawazisha macho mawili yatazamane huku umepiga magoti kwenye zege baridi.

Tukirudi kwenye pesa za upatu, ushauri wetu unategemea mtu anakwenda kufanya kazi wapi. Anayetaka vichochoro vya katikati ya jiji lazima awe tayari kwa zama zote kwa pamoja, maana huko bado yapo mabawa ya mbao juu ya bawaba, ipo milango ya kipande kimoja inayojipindua na springi zake za kuvutika pembeni, na ipo ya vipande yenye mhimili. Atahitaji randa na patasi pamoja na fito. Vani kubwa haigeuki mle, theluji huchelewa kuondolewa, na vitu vingi hubebwa begani. Anayekwenda vitongojini anaweza kuiacha randa nyumbani, anunue fito sahihi za unene wa nusu inchi, koleo mawili yanayojifunga, klampu, ngazi imara, spana za boksi, pimamaji, drili ya betri na miwani. Hayo yote hayamalizi hata robo ya zamu ya upatu. Fedha inayobaki igawanywe kati ya gari lililotumika lenye paa la kubebea mhimili mrefu na springi za aina chache zinazoombwa zaidi katika mtaa mmoja anaoujua, badala ya kujaribu kuuhudumia mji mzima.

Mmoja wa vijana hao ameshachagua, naye amechagua Scarborough. Alitueleza sababu bila kuzungusha. Mwaka 2018 baraza la jiji la Toronto liliruhusu nyumba ndogo za kukaa zijengwe vichochoroni nyuma ya nyumba kubwa, na tangu hapo kila anapopita huko anaona gereji nyingine imebomolewa. Nyumba inayoota mahali pake huwa na mlango mmoja wa kawaida, wa upana wa futi tatu, wenye bawaba na kitasa, na kazi hiyo ni ya seremala.